Nyongeza Sawa na Sifuri

1

Kompresa ndogo ilikufa Jumanne saa moja na robo asubuhi, wagonjwa wa Wodi ya Mivukuto wakisubiri uji. Haikufa kwa kishindo. Ilikohoa mara mbili, ikatoa harufu ya mpira ulioungua, ikanyamaza. Nyanzala Masunga, muuguzi msaidizi, alikuwa ameshika birika. Alisikia wodi nzima ikibadilika sauti: mivukuto arobaini kando ya vitanda arobaini ilishusha mlio wake kwa wakati mmoja.

Kila aliyelala pale alikuwa amefanya kazi mgodi wa Nyabusenga, kilomita nne chini ya ardhi, na vumbi la jiwe la huko chini lilikuwa limemgandia mapafuni mpaka hawezi tena kuvuta hewa mwenyewe. Mvukuto, mashine isiyozidi ukubwa wa debe, ndio uliomvutia na kumtolea. Oksijeni ilitoka kwenye kompresa mbili nyuma ya jengo, kubwa na ndogo. Sasa ilibaki kubwa.

Saa nne walikuwa ofisini kwa mganga mkuu, Dakta Mwombeki. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyapunguza zaidi.

"Kompresa kubwa inatoa lita tisini na sita kwa dakika," alisema. "Wagonjwa arobaini. Tukigawa sawa kwa sawa, kila mmoja anapata lita mbili na nusu kasoro. Nyanzala, mvukuto unataka ngapi?"

"Nne, Daktari. Kwa kubana sana, tatu."

"Chini ya tatu?"

"Mtu anaanza kuweweseka. Siku ya pili au ya tatu, anakwenda."

"Wote arobaini?"

"Wote."

Dakta Mwombeki alisimama, akaandika ubaoni: tisini na sita kwa tatu, thelathini na mbili. Chini yake akaandika nane. Hakuna aliyeuliza nane ni nini.

Daraja lilikuwa limechukuliwa na mafuriko wiki iliyopita. Kompresa mpya ingezunguka njia ya milimani na kufika baada ya siku kumi na mbili. Droni zilikuwa zimeshaleta mitungi miwili midogo, ikaisha hata chai ya saa nne haijanyweka. Matangi ya akiba yangevusha wodi mpaka kesho yake saa nane mchana. Baada ya hapo, maji yangekuwa yamezidi unga.

"Tupige kura," alisema Nyanzala.

"Kura itambakiza mwenye pafu la asilimia tano, ambaye hamalizi wiki hata akipewa hewa yote, na itamtoa mwenye arobaini. Tumeshakubaliana na kampuni ya mgodi. Tutatazama nguvu ya pafu tu. Si umri, si cheo, si mwanamume wala mwanamke." Alimtazama Nyanzala kwa mara ya kwanza. "Nataka uiandike kwenye mashine."

"Mimi?"

"Nani mwingine hapa anajua kusema nayo? Kwa mkono haiwezekani. Mapafu yanapanda na kushuka kila saa. Akifariki mmoja, lita zake lazima zimfikie anayefuata hapo hapo. Mtu hawezi kukimbia kasi hiyo kati ya vitanda."

Nyanzala alitaka kusema hapana. Akafikiria arobaini wakiweweseka kwa pamoja, naye akizunguka na beseni. Akachukua karatasi yenye namba za mapafu, akatoka.

2

Miezi minane nyuma asingeweza hata kuanza. Fundi aliyefunga mashine ya kuongozea mivukuto alihama bila kuaga, na kwa kuwa Nyanzala ndiye aliyekuwa zamu siku hiyo, kazi ikamwangukia. Mashine ilielewa lugha moja tu ya kuandikia programu, Python. Yeye alielewa dozi, drip na chati ya homa.

Alianza kwa kunakili. Aliandika mistari mitano ya kitanda cha kwanza, akainakili kwa cha pili akibadilisha namba, kisha cha tatu, mpaka ikawa mistari mia mbili. Siku alipotakiwa kubadilisha kiwango cha kengele ya hatari, alirekebisha mahali thelathini na tisa. Pale alipopasahau, kitanda cha tisa, mzee wa watu aligeuka rangi ya majivu kabla mtu hajamwona.

Aliyeona kosa lile alikuwa mgonjwa. Sospeter Bugingo, kitanda cha kumi na saba, aliitwa Mwalimu ingawa hakuwahi kushika chaki. Alikuwa ameandika programu za mitambo ya kuchimbia kwa miaka kumi na tisa na kufundisha vijana wote waliopita pale. Aliongea kwa kusubiri mvukuto umalize kuvuta, kisha akisukuma maneno manne matano katika pumzi ya kutoka.

"Wewe binti," alimwambia siku hiyo, "unapika ugali wa watu arobaini... kwa sufuria arobaini?"

Akamfundisha fanksheni. Kazi unaiandika mara moja, unaipa jina. Mlangoni, ndani ya mabano, unaacha nafasi kwa kile kinachobadilika, na hicho ndicho kigezo. Jioni ile Nyanzala aliandika:

def pumulia(kitanda, lita=4):

na mistari mia mbili ikawa kumi na moja. Ukisema pumulia kitanda cha tisa, mashine inampa lita nne. Ukitaka apewe tano, unaitaja tano. Usipotaja, nne ile iliyoandikwa mlangoni inasimama. Nyanzala alicheka peke yake kama mtu aliyeokota pete. Tangu hapo kila alichoandika alikwenda kumsomea Mwalimu kabla ya kukiendesha, na Mwalimu alifumba macho akisikiliza, kidole kikigonga shuka kila aliposikia kosa.

Jumanne hiyo aliandika fanksheni mbili. Ya kwanza, alama, ilipokea nguvu ya pafu la mtu na kutoa namba ya kumpanga. Ya pili, gawa, ilipanga wote kutoka juu kwenda chini na kutoa lita tatu tatu mpaka hewa iishe. Ilikuwa kazi safi. Aliijaribu bila kuiunganisha na mivukuto, kwa namba za asubuhi ile.

Orodha ilishuka kwenye kioo. Wa thelathini na mbili, wa mwisho kupata, alikuwa kitanda cha thelathini, Leticia Machibya, pafu asilimia kumi na mbili. Wa thelathini na tatu, wa kwanza kukosa, alikuwa kitanda cha kumi na saba, asilimia kumi na moja.

Nyanzala alikaa. Alikwenda kunawa uso, akarudi, akaendesha tena kana kwamba mashine ingeona haya. Orodha ilikuwa ile ile.

Kisha akarudi kwenye alama, pale mlangoni, akaongeza kigezo cha pili. Alikiita nyongeza, akakipa sifuri. Kwa wagonjwa thelathini na tisa kisingetajwa, na sifuri haimwongezei mtu kitu. Kwa mmoja tu, chini kabisa, mstari wa hamsini na mbili, alikitaja, akakipa mbili. Kumi na moja na mbili ni kumi na tatu. Akaendesha. Kitanda cha kumi na saba kilipanda juu ya mstari, cha thelathini kikashuka chini yake.

Alifunga kompyuta. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa, na hilo ndilo lililomtisha.

3

Asubuhi ya Jumatano Dakta Mwombeki alipita kwa kila mmoja wa wale ambao namba zao za jana ziliwaweka chini, akawaambia. Wengine walilia. Mmoja aliomba aletewe redio. Nyanzala alipofika kitanda cha kumi na saba saa tatu, Mwalimu alikuwa ameshanyolewa ndevu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Daktari amenipitia... nimo kwenye nane." Alitulia, mvukuto ukavuta. "Nisomee."

"Leo hapana haja, Mwalimu. Ni fupi tu."

"Fupi ndiyo huficha kosa. Nisomee."

Angeweza kuuruka mstari. Alifungua kompyuta akiwa amedhamiria kuuruka. Lakini alikuwa amemsomea mtu huyu kila siku kwa miezi minane, na ulimi ulikwenda wenyewe.

"Alama. Mabano. Pafu, koma, nyongeza sawa na sifuri."

Kidole kiligonga shuka.

"Nyongeza ya nini?"

"Akiba tu. Huenda Daktari akataka kuongeza kitu baadaye."

"Kigezo hakipiti mlangoni bila shughuli. Kinatajwa wapi?"

Nyanzala alipandisha mistari kwenye kioo, akaishusha tena.

"Mstari wa ngapi, binti yangu?"

"Hamsini na mbili."

"Soma."

"Kama kitanda ni kumi na saba, alama ya pafu, nyongeza mbili."

Mwalimu alifumbua macho akatazama dari.

"Nani anashuka?"

"Sikuangalia."

"Uliangalia."

"Leticia. Kitanda cha thelathini."

"Yule wa kinu cha kusagia mawe. Anayeimba akiwa anaogeshwa." Alikohoa, kengele ikalia, Nyanzala akaizima. "Futa."

"Sifuti."

"Nyanzala."

"Sifuti, Mwalimu! Yeye ana moja zaidi yako. Asilimia moja! Kesho ingeweza kuwa kinyume. Nani amesema moja ndiyo uhai wa mtu?"

"Hakuna aliyesema. Ni mbaya. Lakini ni mbaya... kwa wote kwa namna moja." Alisubiri pumzi. "Unajua nilichoandika mgodini? Ilikuwa fanksheni. Chimba, mabano, kina, koma, kasi. Niliitengenezea mita elfu mbili. Wakubwa wakaanza kuingiza elfu tatu. Elfu nne. Ikapokea. Fanksheni haiulizi, inafanya. Ningeweza kuweka mstari mmoja... ikatae. Vumbi nililiona. Nikasema mimi mwandishi tu, namba ni zao." Aligeuza kichwa kidogo kuelekea safu za vitanda. "Wote unaowaona humu walifuata mtambo ule chini."

Nyanzala hakuwa akijua. Alimtazama mtu aliyemfundisha. Kisha hasira ikampanda.

"Kwa hiyo unataka kufa ili roho yako itulie. Na yangu je? Mimi ndiye nitakayebonyeza."

"Sitaki kufa. Usinifanye mtakatifu. Naogopa mpaka miguu... siisikii." Macho yake yalilowa, hakuwa na nguvu ya kuyafuta, naye Nyanzala hakuyafuta. "Lakini ukiuacha, nitalala hapa siku kumi na mbili nikivuta hewa ya yule binti. Na kitanda chake nakiona kutoka hapa."

"Utazoea. Watu huzoea."

"Najua. Hilo ndilo naogopa zaidi."

Akafumba macho. Nyanzala alidhani amelala, mpaka aliposema tena:

"Kama huwezi kufuta, nenda kamwambie. Usoni. Mwambie kwa nini ni yeye."

4

Leticia Machibya alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa amejiegemeza kwenye mito akihangaika kufunga kitambaa kichwani kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na sindano ya drip.

"Dada Nyanzala, umekuja wakati wake. Nifungie hiki, najiona kama kinyago."

Nyanzala alimfungia. Nywele za Leticia zilikuwa zimekatika mbele, na ngozi ya kichwa ilikuwa na joto.

"Watu wananong'ona tangu jana," alisema Leticia. Naye alikuwa akisubiri mvukuto kabla ya kila sentensi. "Daktari kapita kwa mama wa kitanda cha ishirini na nne, katoka amejifunika uso. Hewa haitoshi?"

"Haitoshi kwa wote."

"Kwangu hakupita."

"Hapana."

"Labda bado yuko njiani." Alicheka kidogo, cheko likakatwa na mashine. Kisha akamshika Nyanzala kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi. "Niambie wewe. Nisije nikaambiwa na sindano ya usingizi. Mimi nimo kwenye wanaopata?"

Nyanzala alikuja na maneno. Alikuwa ameyapanga koridoni: kwamba pafu lake limeshuka, kwamba mashine imehesabu upya. Yalikuwa maneno mazuri na yasingepingwa na mtu, maana hakuna pale aliyejua kusoma mstari wa hamsini na mbili isipokuwa yeye na mzee mmoja asiyeweza kunyanyuka.

"Umo," alisema.

"Haki ya Mungu?"

"Umo, Leticia."

Leticia aliachia mkono wake, akajilaza, akaanza kulia kwa kwikwi fupi fupi ambazo mvukuto ulizikatiza. Nyanzala alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mashine. Aliufuta mstari wa hamsini na mbili. Kisha akapanda juu mlangoni, akafuta koma, na nyongeza, na sifuri yake. Akachukua vipimo vipya vya saa tano na kuendesha jaribio tena, akimwomba Mungu kimya kimya kwamba pafu la kitanda cha kumi na saba liwe limepanda usiku ule.

Lilikuwa kumi na moja. La Leticia lilikuwa kumi na mbili.

5

Saa saba na nusu walianza kuwachoma wale nane sindano ya usingizi. Mwalimu aliikataa.

"Mpaka iendeshwe kwanza," alimwambia Dakta Mwombeki. "Nataka kusikia."

Daktari alimtazama Nyanzala, naye akaitikia kwa kichwa. Saa nane kamili, jua likiwa kali kwenye madirisha ya wodi na mapazia yote yakiwa yamefungwa, Nyanzala alibonyeza. Mashine ilichukua muda mdogo kuliko kupiga chafya. Mivukuto saba ikanyamaza kwenye vitanda vya watu waliolala. Wa nane ukanyamaza kitanda cha kumi na saba, ukashuka taratibu mpaka ukawa bapa.

Thelathini na mbili iliendelea.

Nyanzala alimshika Mwalimu mkono. Daktari aliingiza sindano haraka, lakini dawa ilichukua dakika kadhaa, na katika dakika hizo Mwalimu alikuwa macho, kifua kikijaribu kufanya kazi kilichoisahau siku nyingi. Alikuwa akisema kitu. Nyanzala aliinama. Haikuwa wosia wala sala. Alikuwa akiuliza, "Imepita? Imepita bila kosa?"

"Imepita, Mwalimu."

Hapo ndipo Nyanzala alipogundua kwamba masikio yake yako kwingine. Alikuwa akisikiliza wodi. Mwalimu alikuwa wa thelathini na tatu, na mmoja tu kati ya wale wengine akiacha kupumua sasa hivi, yeyote yule, mzee wa kitanda cha tisa, au yule mlevi wa kitanda cha arobaini anayewatukana wauguzi, lita zake tatu zingerudi na mvukuto huu ungenyanyuka. Alikuwa amesimama ameshika mkono wa mtu anayekufa, akiwaombea wengine wafe. Aliwapitia mmoja mmoja kwa majina. Alipofika kitanda cha thelathini alijikuta ameuma midomo mpaka ina damu.

Hakuna aliyekufa. Dakika ya kumi na nane, mkono wa Mwalimu ulilegea.

Dakta Mwombeki aliandika saa kwenye chati. Alipomaliza, aliongea bila kuinua uso.

"Makao makuu wamepiga simu. Kuna vituo vingine vinne vya mivukuto, na hata huko kompresa zimechoka. Wanaiomba hiyo programu yako. Wanasema imeandikwa vizuri, itatumika popote, ni kubadilisha namba za vitanda na lita tu."

Nyanzala alijua kwamba ni kweli. Ndivyo alivyofundishwa kuandika. Asipoituma, siku yao ikifika wangegawa sawa kwa sawa na kuzika wote. Akiituma, ingekuwa rahisi mno. Alikaa na swali hilo mpaka alasiri, kisha akaituma. Kabla ya kutuma aliongeza mstari mmoja: fanksheni igome mpaka mtu aandike kwa mkono wake jina la kila anayekatiwa hewa, na jina lake mwenyewe chini. Siku mbili baadaye kituo kimoja kilijibu kwa kumshukuru. Walisema inafanya kazi vyema, ila ule mstari wa majina ulikuwa unawachelewesha, wameutoa.

6

Mjane wa Mwalimu alifika Jumapili, baada ya maji kupungua na watu kuanza kuvushwa kwa kamba. Jina lake lilikuwa Veronika, mwanamke mrefu mwenye kanga iliyolowa tope mpaka magotini. Alikuja na kaka zake wawili kuchukua mwili.

Kampuni ilikuwa imewapa wafanyakazi karatasi yenye sentensi ya kuwajibu ndugu. Ilisema: Uamuzi ulifanywa na mfumo kwa kufuata vigezo vya kitabibu. Nyanzala alikuwa nayo mfukoni. Alishaisoma mara tano kwa familia tano, na kila mara watu walishusha mabega, kwa sababu hakuna anayeweza kugombana na mfumo.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye?" aliuliza Veronika.

"Ndiyo, mama. Pole sana. Poleni nyote."

"Nimeambiwa hakuwa mgonjwa kuliko wengine. Nimeambiwa mashine yake ilizimwa. Nani aliizima?"

Kaka zake walisogea. Nyanzala aliingiza mkono mfukoni, akaishika karatasi, akaiacha humo humo.

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyeandika, na mimi ndiye niliyebonyeza. Nilijaribu kumwacha hai, ikawa lazima aende binti mwingine badala yake. Mwalimu akaona. Akanikataza."

Veronika aliwazuia kaka zake kwa mkono.

"Alijuaje?"

"Nilimsomea. Akasikia kosa."

"Enhe." Yule mwanamke akawa kama anataka kucheka. "Ndiye huyo. Hata barua nilizomwandikia tukiwa wachumba, alinirudishia zimesahihishwa." Akageuka, akashika ukingo wa kitanda cha kumi na saba, kilichokuwa kimetandikwa shuka jipya, akainama juu yake mpaka mabega yalipoacha kutikisika.

Nyanzala alipiga hatua moja, akanyoosha mikono yote miwili, akifungua kinywa.

"Usiniombe msamaha leo," alisema Veronika bila kugeuka. "Sina. Nionyeshe alipo mume wangu."

Nyanzala alishusha mikono, akatangulia kumwonyesha njia.